Kung'arisha au Kuchubua?

Matangazo ya vipodozi hunena kwamba krimu "hung'arisha" ngozi. Watu wa mitaani hawakulipokea neno hilo. Wao husema "kujichubua", na mchanganyiko wa krimu mbili tatu wameuita "mkorogo". Kisayansi, krimu hizi hazibambui ngozi bali huzuia utengenezaji wa melanini. Hata hivyo, lugha ya mtaani imeukaribia ukweli kuliko lugha ya biashara.

Mara nyingi swali liulizwalo ni moja: ipi hufanya kazi upesi? Swali hilo ni pungufu, kwa maana hata sumu hufanya kazi. Zebaki hukizuia kimeng'enya cha tirosinasi, na rangi hufifia kweli; lakini hupenya mwilini ikadhuru figo, na mvuke wake huwafikia hata watoto wa nyumba hiyo wasiojipaka chochote. Steroidi kali, mathalani klobetasoli, ni dawa njema ya ukurutu. Ipakwapo mwili mzima kwa miezi, ngozi hukonda, hufanya michirizi, na kidonda huchelewa kupona.

Haidrokwinoni ina kesi ngumu zaidi. Kwa kipimo cha asilimia 4, kwa miezi michache na chini ya uangalizi wa daktari, ndiyo kipimio cha dawa nyingine zote za mabaka ya usoni, yakiwemo yale yanayowatokea wajawazito. Ikitumiwa miaka mingi juani, huweza kugeuka na kuleta weusi wa samawati usiotoka kwa urahisi. Hali hiyo ilielezwa na daktari Findlay na wenzake nchini Afrika Kusini mwaka wa 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka wa 1990. Aliyetafuta weupe akapata weusi asioujua!

Zilizo salama zaidi zipo. Asidi ya azeleiki ya asilimia 20 imeikaribia haidrokwinoni katika majaribio ya kutibu mabaka, na madhara yake mengi ni mwasho tu. Asidi ya kojiki nayo husaidia, ingawa baadhi ya ngozi huikataa. Ila zote ni za polepole, na kazi yake ni kuondoa baka, si kumbadilisha mtu rangi aliyozaliwa nayo. Hapo ndipo ulinganishi wa wauzaji unapopotosha: wanachukua ufanisi wa dawa ya ugonjwa na kuuza kama ahadi kwa mtu asiye na ugonjwa. Inashangaza zaidi katika lugha ambayo tangu jadi imesifu rangi ya maji ya kunde.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998. Vingali vinauzwa, na maelezo ya viambato, yakiwepo, huwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini mama anayenunua krimu sokoni hana pa kusoma neno "zebaki". Wanaisimu wamebishana miaka mingi juu ya istilahi za kompyuta. Orodha ya viambato vya krimu si ndefu, na hakuna idara ya Kiswahili inayoweza kudai kwamba kazi hiyo inaishinda.