Lulu za Kufugwa: Namna ya Kuzichagua na Kuzitunza



Kiangazi kimeingia, na ndoa zimeanza kufuatana kila Jumamosi. Katika vikundi vyetu ulizo moja linarudi mara nyingi: bibi arusi avae nini shingoni, na mfanyabiashara akituapia kwamba mkufu wake ni wa lulu za kweli, tutajua namna gani kama anasema ukweli? Ulizo hilo si dogo. Mama anayepokea zamu yake ya likelemba anashika feza aliyoingojea miezi mingi. Feza hiyo inaweza kulipa minerval ya watoto, na inaweza pia kupotea siku moja kwa kununua plastiki iliyopakwa rangi. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya lulu.

Neno moja, vitu vingi

Kwetu Kongo neno perle linatumiwa kwa kila kitu kidogo cha mviringo chenye tundu: shanga za kioo, shanga za plastiki, mbegu zilizotobolewa, hata zile zinazosukwa pamoja na nywele za wasichana. Lakini katika Kiswahili chetu tuna maneno mawili, na yanatusaidia. Shanga hutengenezwa na mikono ya watu. Lulu hutoka ndani ya mnyama wa maji anayeishi kati ya makombe mawili. Wa baharini huitwa chaza, na wa mito na maziwa huitwa kome.

Kitu cha kigeni kikiingia katika mwili wake laini, mnyama huyo hana mkono wa kukitoa. Basi anakifunika. Anatoa dutu ile ile inayong'aa ndani ya kombe lake, tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana. Kwa Kifaransa tabaka hizo huitwa nacre, na kwa Kiswahili lulumizi. Zikiongezeka kwa miezi na miaka, zinakuwa lulu.

Je, za kufugwa ni za kweli?

Ndiyo. Hapa wengi wanachanganyikiwa. Zamani lulu zote zilitafutwa baharini kwa kubahatisha. Katika Ghuba, huko Bahrain, Kuwait na Oman, wanaume walizama chini wakiwa wameziba pua, wakafungua chaza wengi sana bila kupata kitu. Kwa hiyo lulu zilikuwa za wafalme na matajiri tu.

Katika mwaka 1893, huko Japani, mtu mmoja aitwaye Mikimoto Kokichi, mtoto wa muuza tambi, alifaulu kumfanya chaza atoe nusu-lulu kwa kumwekea kitu ndani ya kombe. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajapani walipata njia ya kupata lulu za mviringo kabisa. Fundi anamfungua chaza kidogo, anamtia kipande kidogo cha nyama ya chaza mwingine pamoja na kipira kilichochongwa kutoka kombe la kome, kisha anamrudisha majini. Kazi inayobaki ni ya mnyama mwenyewe. Wengine wanakufa, wengine wanatoa lulu mbovu, na wachache wanatoa zile nzuri. Lulu hizo zilipoenea, biashara ya wazamiaji wa Ghuba ilianguka katika miaka ya 1930, wakati dunia nzima ilikuwa pia katika shida ya uchumi.

Kwa hiyo perle de culture ni lulu ya kweli iliyofugwa. Ni kama kuku wa kufugwa na kanga wa porini: wote wawili ni ndege. Leo karibu lulu zote zinazouzwa madukani ni za kufugwa. Mtu akikuambia kwa bei ndogo kwamba anazo lulu za porini, zisizofugwa, shika mfuko wako vizuri, maana tofauti hiyo hujulikana tu kwa mashine za maabara.

Na kazi hii si ya Waasia peke yao. Huko Unguja, katika ghuba ya Menai, wanawake wa vijiji kama Fumba na Bweleo walifundishwa kufuga chaza, kutoa nusu-lulu na kutengeneza mapambo ya makombe. Tunawataja kwa sababu ni wamama wa vikundi, kama sisi.

Aina nne za kujua

Za kwanza ni lulu za maji matamu, nyingi zikitoka China. Kome mmoja anaweza kutoa lulu makumi kwa mara moja, ndiyo maana bei yake ni nafuu. Umbo lake mara nyingi si duara kamili: kuna kama punje ya mchele, kama yai, kama kifungo. Rangi zake ni nyeupe, ya waridi na ya zambarau nyepesi. Nyingi kati yake hazina kipira ndani, ni lulumizi karibu tupu, kwa hiyo zinavumilia sana. Kwa mama wa kipato cha kadiri, hizi ndizo tunazoshauri.

Za pili ni Akoya za Japani: nyeupe, za duara, zenye mng'ao mkali, mara nyingi za milimita 6 mpaka 8. Za tatu ni za Tahiti, katika Polinesia ya Ufaransa, zenye rangi ya majivu, kijani kizito au karibu nyeusi. Za nne ni za bahari ya kusini, kutoka Australia, Indonesia na Ufilipino: kubwa, nyeupe au za rangi ya dhahabu, na bei yake ni kali kuliko zote. Ukiona sokoni mkufu wa lulu kubwa sana, zote duara, zote sawasawa, kwa bei ya kitenge, usiulize tena: si lulu.

Tuangalie pia maandishi. Perle d'imitation ni shanga. Perle de Majorque ni shanga nzuri ya kioo iliyofunikwa kwa rangi inayong'aa. Si vibaya kuinunua ukiipenda, lakini uilipe kwa bei ya shanga.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Mama mmoja wa kikundi chetu alitaka kumnunulia binti yake mkufu kwa feza yake yote ya likelemba. Muuzaji alikuwa na maneno matamu. Mama akaomba kwanza kuutazama nje ya duka, mchana, mbele ya wenzake wawili. Karibu na tundu, rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake ilionekana plastiki nyeupe. Akarudisha mkufu kwa heshima, akaenda zake na feza yake. Tunataka kila mmoja wetu aweze kufanya hivyo.

Kwanza, tazama tundu. Katika lulu, ukingo wa tundu ni safi, na pengine utaona mstari mahali lulumizi inapokutana na kipira cha ndani. Katika shanga, rangi hubanduka au hujikunja kama ganda la kitunguu.

Pili, pima mkononi. Lulu ni baridi unapoishika, kisha inapata joto la mwili polepole. Pia ina uzito. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi huo. Lakini kioo nacho ni baridi na kizito, kwa hiyo usiishie hapo.

Tatu, linganisha lulu kwa lulu. Vitu vya uhai havifanani kabisa. Utaona kidoa hapa, kishimo pale, rangi inayobadilika kidogo. Kama zote ni sawa bila kasoro yoyote, uwe na mashaka.

Nne, sugua polepole lulu mbili, moja juu ya nyingine, au moja kwenye ncha ya meno ya mbele. Lulu inakwaruza kidogo kama mchanga laini sana, shanga inateleza. Omba ruhusa kwanza, usitumie nguvu, na uifute baadaye.

Usikubali muuzaji apime kwa kiberiti au kisu. Moto na kisu vinaharibu hata lulu ya kweli.

Namna ya kuchagua

Ukiisha kujua kwamba ni lulu, tazama mng'ao kwanza. Simama mchana, mahali penye mwanga, na utafute sura ya dirisha au ya uso wako juu ya lulu. Sura ikiwa wazi, mng'ao ni mzuri. Ikiwa ni kama ukungu, kama chaki, lulumizi huenda ni nyembamba na lulu haitadumu. Ni afadhali lulu ndogo inayong'aa kuliko kubwa iliyofifia.

Kisha tazama ngozi yake, umbo, ukubwa, na kama lulu za mkufu mmoja zinapatana. Viringisha mkufu juu ya meza: ukienda sawasawa, zimetobolewa katikati, ukiyumbayumba, fundi hakuwa mwangalifu. Tazama pia uzi. Mkufu mzuri huwa na fundo kati ya lulu na lulu. Fundo hizo zinazuia lulu zisisuguane, na siku uzi ukikatika barabarani, utapoteza moja tu.

Herufi za AAA zinazoandikwa kwenye kibandiko zisikutishe. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kwa herufi hizo; kila muuzaji anaziweka anavyotaka. Amini macho yako, na uombe risiti yenye neno de culture na aina ya lulu.

Tena tuseme waziwazi: lulu si akiba. Dhahabu ukiwa na shida unaipeleka kwenye mizani, ikanunuliwa kwa gramu. Lulu haina mizani hiyo, na ukiiuza tena, mara nyingi utapata sehemu ndogo ya bei uliyotoa. Nunua lulu kwa kuivaa na kumwachia binti, wala si kwa kungojea faida. Usiinunue kwa deni wala kwa feza ya masomo. Kama uwezo ni mdogo, jozi ya hereni za lulu za maji matamu inatosha kumpendeza bibi arusi, na atazivaa tena siku nyingi baada ya ndoa.

Namna ya kutunza

Lulu ni laini kuliko mawe ya thamani. Inakwaruzwa kwa urahisi, na tindikali inaila. Siki, ndimu, marashi, lake ya nywele, mafuta ya kupaka na jasho ni adui zake. Basi tushike kanuni hizi:

1. Lulu iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Jipake mafuta, jitie marashi, tengeneza nywele, ngoja vikauke, ndipo uvae.

2. Kila ukiivua, ifute kwa kitambaa laini na safi, kikavu au chenye unyevu kidogo. Kazi hii ni ya dakika moja, nayo inapita dawa zote.

3. Usipike, usifue, usioge ukiwa umeivaa. Javel na sabuni kali zinaifisha. Joto la makala nalo linaikausha.

4. Ikichafuka, chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kamua, ufute lulu moja moja, kisha ufute tena kwa maji safi. Usiloweshe mkufu mzima: uzi ukinywa maji unalegea na kuoza. Uache ukauke umelala juu ya taulo kabla ya kuuvaa.

5. Usitumie dawa ya meno, magadi, wala mswaki. Zinang'arisha sufuria, lakini zinakwangua lulumizi, na lulumizi haiwezi kurudishwa.

6. Iweke peke yake katika kifuko cha kitambaa laini, mbali na dhahabu na mawe yanayoikwaruza. Ilaze, usiitundike, maana uzi unanyooka. Usiifunge siku nyingi katika plastiki isiyopitisha hewa, wala usiiache mahali pakavu penye joto kali, kwa kuwa inaweza kupasuka.

7. Kama unaivaa mara kwa mara, mpelekee fundi wa mapambo abadilishe uzi kila mwaka mmoja au miwili. Ukiona uzi umelegea au umekuwa mweusi karibu na fundo, usingoje. Hesabu lulu mbele ya fundi kabla ya kuziacha, na uzihesabu tena unapozichukua.

8. Ivae. Lulu haipendi kufungiwa sandukuni miaka kumi. Ukiivaa kwa uangalifu na kuifuta, inabaki na uzuri wake.

Kazi ya kikundi

Sisi walimu hatuagani bila kazi ya nyumbani. Katika mkutano wenu ujao, kila mama alete pambo moja analoliita perle. Mliweke juu ya meza karibu na dirisha, mtazame tundu, uzito, fundo na mng'ao. Msimcheke mwenye shanga: shanga nzuri ni pambo la heshima, na mabibi zetu walizivaa kabla yetu. Shabaha ni macho yetu yazoee, na wasichana wetu wakae karibu wajifunze. Siku mmoja wenu atakapokwenda kununua kwa ajili ya ndoa, asiende peke yake. Wamama wawili wanaojua kutazama watamsaidia kuliko kiapo cha muuzaji.

Juma lijalo, kama tulivyoahidi, tutazungumza juu ya kitenge: namna ya kutambua rangi inayodumu na ile inayotoka katika maji ya kwanza. Mubaki na amani.