Sahihi Pekee Si Ridhaa

Neno 'sahihi' katika Kiswahili lina maana mbili: alama mtu anayoandika kuthibitisha jambo, na pia kitu kisicho na kosa. Nahofia kuwa katika wodi za upasuaji maana hizi zimechanganywa. Mgonjwa akishatia sahihi, au akibonyeza kidole gumba, hudhaniwa kwamba mambo yote ni sahihi. La hasha!

Fomu za idhini nilizopata kuziona huku Ukambani zimeandikwa kwa Kiingereza. Ajuza wa Mutomo au mkulima wa Kibwezi aghalabu huambiwa tu, "Weka hapa," naye huweka kwa kuwa anaumwa na anamheshimu aliyevaa sare. Ilhali Sheria ya Afya ya 2017 inaagiza mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Vilevile inamhakikishia haki ya kukataa.

Ni kweli, wajibu wa kueleza upasuaji ni wa daktari atakayeshika kisu. Muuguzi asitwikwe mzigo huo. Hata hivyo, yeye ndiye shahidi, ndiye abakiye kando ya kitanda daktari akishaondoka, na mara nyingi ndiye azungumzaye Kikamba. Hata hapo pana tahadhari: Kikamba cha Kitui hakilingani katika kila neno na kile cha Kilungu kule Makueni. Kutikisa kichwa si kuelewa.

Walimu mnaijua dawa ya jambo hili. Hamwulizi darasa, "Mmeelewa?" mkatosheka na "Ndiyo, mwalimu!" Mwanafunzi hutakiwa aeleze kwa maneno yake. Muuguzi naye amwulize mgonjwa: Utapasuliwa wapi? Kwa nini? Pana hatari gani? Ukikataa, itakuwaje? Akishindwa kujibu, daktari aitwe, na mgonjwa asiingizwe katika chumba cha upasuaji, isipokuwa pale ambapo kukawia kutahatarisha maisha.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Nakubali. Lakini mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapa fidia wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliofungwa uzazi bila ridhaa yao ya kweli. Fidia hairudishi uzazi.

Kaunti zimesimamia hospitali zake tangu 2013. Basi Kitui na Makueni zichapishe fomu hizo kwa Kikamba na Kiswahili, na vyuo vya uuguzi vifunze namna ya kumwuliza mgonjwa, si namna ya kujaza fomu tu.