Mwizi wa Pili

Simu inapoibwa Shela, mwizi amejitia ndani ya chupa. Shela ni kijiji kidogo katika kisiwa cha Lamu, kiasi cha kilomita 3 kutoka mjini. Nyuma yake pana vilima vya mchanga mweupe, mbele yake pana bahari, na katikati pana vichochoro vyembamba ambamo mtu akikutana na punda mwenye mzigo hana budi kujibanza ukutani. Vichochoroni humo gari halipiti. Atakaye kuondoka kwa kawaida hupanda mashua mbele ya macho ya watu, au hufuata ufuo kwa miguu mpaka Lamu mjini. Wenyeji hujuana kwa majina, kwa nasaba na hata kwa mwendo. Mahali kama hapa tungetarajia kitu kilichoibwa asubuhi kionekane kabla ya adhuhuri. Walakini simu huibwa, na ikisha kuibwa huwa kana kwamba imetupwa kilindini. Kwa nini? Jibu langu ni moja, msomaji, wala si tamu. Simu haipotei kwa sababu mwizi ni hodari. Hupotea kwa sababu mnunuzi yu tayari.

Natutie mfano. Mvuvi amerudi pwani alfajiri. Ameweka simu yake juu ya jiwe, akainama kufua nyavu zake. Anapoinuka, jiwe lipo, simu haipo. Alipoinunua alitoa shilingi elfu kumi, fedha aliyoikusanya kwa miezi. Lakini hasara yake si elfu kumi. Ndani ya chombo kile mlikuwa na namba za wanunuzi wake wa samaki wa Lamu na Malindi. Mlikuwa na akiba yake, maana tangu M-PESA ilipoanza Kenya mwaka 2007 simu imekuwa mkoba wa maskini. Mlikuwa na habari za upepo na mawimbi. Mlikuwa na sauti ya mama yake aliyekwisha fariki, akimwita ale chakula. Mwizi atayauza yote hayo kwa elfu mbili. Tazama hesabu hii ilivyo mbaya: mwenye mali amepoteza kingi, mwizi amepata kidogo, na mtu wa tatu, ambaye hakuingia katika hatari yoyote, amepata kitu cha elfu kumi kwa elfu mbili. Mtu huyo wa tatu ndiye nimwitaye mwizi wa pili, na ndiye nitakaye kumshitaki mbele yako.

Kwanza tufuate nyayo za simu hiyo, maana nyayo zake zitatufikisha mlangoni pake. Mwenye simu hutangulia kuipigia, na huikuta imezimwa. Kisha huazima simu ya jirani na kutazama katika ramani mahali ilipoonekana mwisho. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Alama ya ramani si kidole cha shahidi. Yaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kuta nene za mawe au nyumba za ghorofa huzidisha kosa. Katika mitaa ya Shela, ambako nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, mita kadhaa zatosha kumtuhumu jirani asiye na hatia. Atakayevamia mlango kwa sababu ya alama hiyo, akifuatana na vijana wenye hasira, hatafuti simu yake, bali anatafuta dhambi. Na yule akimbiliaye ramli yu mbali zaidi na haki, kwa kuwa mpiga ramli hutaja jina la mtu ambaye mwenye mali alikuwa anamchukia tangu jana.

Iko alama nyingine iliyo amini kuliko ramani. Kila simu hupewa namba yake kiwandani, nayo ina tarakimu 15. Mafundi huiita IMEI. Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata hutambulisha chombo chenyewe, na moja ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba nyingine hazikukosewa. Ukibonyeza *#06# namba hiyo hujitokeza katika kioo. Mwizi akitupa laini, namba yabaki. Mtu akitia laini mpya, mitambo ya kampuni ya simu huiona laini ile pamoja na namba ile. Kampuni haina ruhusa ya kumwambia kila aulizaye mahali mtu alipo, na ni vema hivyo, maana mwenye kumtafuta mwizi leo aweza kesho kumtafuta mkewe aliyemkimbia. Lakini mwenye mali akienda kituo cha polisi na namba yake, habari yake ikaandikwa katika kitabu cha matukio, polisi waweza kuiuliza kampuni kwa njia ya sheria. Na kwa kuwa laini za Kenya husajiliwa kwa jina la mtu na kitambulisho chake, jibu huja na jina.

Jina la nani? Hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha maneno yangu. Halitakuwa jina la mwizi, ambaye hakukaa na simu hata siku moja. Litakuwa jina la mnunuzi: mtu mwenye heshima zake, pengine mwenye duka, pengine mwalimu, pengine mwanafunzi kama wewe. Naye akiulizwa atajibu maneno manne yaliyochoka kwa kutumiwa. Tuyapime moja moja.

Atasema, "Sikujua." Hakujua nini? Aliuziwa kichochoroni kitu cha elfu kumi kwa elfu mbili, bila sanduku, bila stakabadhi, na muuzaji aliyekuwa akitazama nyuma kila dakika. Hakujua kwa sababu hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu alijua. Sheria ya Kenya haikudanganywa na ujinga wa namna hii. Katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, mpokeaji wa mali ya wizi ni yule apokeaye kwa hila huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo imeibwa. Na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Linganisha na kifungu cha 275, ambacho kwa wizi wa kawaida huweka miaka 3. Kweli, wizi wa kumnyang'anya mtu mwilini au kuiba nyumbani mwake una adhabu nzito zaidi. Lakini tafakari: mwizi wa jiweni, kama yule wa mvuvi wetu, aweza kukabiliwa na miaka 3, na mnunuzi wake miaka 14. Waliotunga sheria walitambua kwamba mwizi ni mkono, na mnunuzi ni tumbo. Mkono hauchumi ila tumbo limeuagiza.

Atasema, "Mimi ni maskini, dukani sina uwezo." Umaskini si aibu, lakini si hati ya kuruhusu wizi pia. Mvuvi yule ni tajiri wa nini? Simu nyingi zinunuliwazo kwa bei ya kichochoroni zimetoka mikononi mwa wachukuzi, wauza samaki, mabaharia na wapishi. Maskini anunuaye mali ya wizi humwajiri mwizi amwibie maskini mwenzake, na kesho mwizi huyo huyo, akiwa amekwisha jifunza njia, atamrudia yeye.

Atasema, "Ilikuwa simu ya mgeni, naye anayo fedha ya kununua nyingine." Neno hili husikika katika miji ya wageni, na Shela ni mmoja wao. Ni neno la hatari kuliko yote, kwa kuwa hugawa uaminifu kwa rangi na kwa nauli. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkono uliozoea mfuko wa mgeni haujui kusoma pasipoti. Mgeni akikosekana huingia mfuko wa mwenyeji. Tena mgeni huondoka na hadithi. Atakapokuwa kwao hatasema, "Niliibiwa na mtu mmoja." Atasema, "Niliibiwa Shela." Na mashua zitakapokosa abiria, nahodha atalipa deni la simu ambayo hakuiona.

Atasema mwisho, "Nisipoinunua mimi, atainunua mwingine." Kwa hoja hii hapana ovu duniani lisiloweza kutetewa. Mtu hakuulizwa juu ya matendo ya mwingine, aliulizwa juu ya elfu mbili zilizotoka mfukoni mwake. Na kila anunuaye hudhani kwamba yule mwingine yuko, hali yule mwingine ni yeye mwenyewe.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya kisiwa kidogo tu. Mji mkubwa kama London umeumwa na nyoka huyu huyu. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilizitia simu zake kufuli ambalo huzifanya zisifae kitu bila neno la siri la mwenyewe. Mwaka 2015 wakuu wa London, New York na San Francisco walitangaza kwamba wizi wa simu hizo umepungua. Tabia za wezi hazikuwa zimetengenea. Bei ya mali yao ilikuwa imeanguka. Baadaye wizi ukarudi kwa nguvu, maana walipatikana wanunuzi wa mbali, na vipuri vikawa na thamani hata pale simu yenyewe ilipofungwa. Katika mkesha wa Krismasi wa 2024 mtu mmoja aliifuata kwa ramani simu yake iliyoibwa mpaka ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Ilikutwa katika sanduku moja na simu nyingine 894. Polisi walishika uzi huo, na Oktoba 2025 walitangaza kwamba wamelivunja kundi lililodhaniwa kuwa limepeleka China simu zipatazo 40,000. Simu moja ilitafutwa, likaonekana soko zima. Basi iwe ni ghala la London au meza ya fundi katika mji wa pwani, kanuni haibadiliki: palipo na mnunuzi hapakosi mwizi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni polisi na mitambo. Sizikatai. Tanzania ilizima simu za bandia mitandaoni mwezi Juni 2016, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012, kuonyesha kwamba namba ya simu yaweza kufungiwa mlango. Tena sheria ya mawasiliano ya Kenya, kwa marekebisho ya 2009, imefanya kosa kubadili namba hiyo. Lakini polisi mmoja hawezi kusimama katika kila kichochoro, na mtambo hauoni simu iliyovunjwa ikawa kioo, betri na vumbi. Dhamiri ya mnunuzi husimama mahali ambapo polisi hafiki.

Wazee wa Lamu husimulia vita vya Shela, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati majeshi ya Pate na Mombasa yalipotua katika ufuo huu. Yasemekana kwamba walipogeuka kukimbia, maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vyao vimekwama mchangani. Hawakushindwa na mikuki peke yake, walishindwa pia na kukosa maji. Mwizi naye aogelea katika maji, na maji yake ni fedha zetu. Methali yasema siku za mwizi ni arobaini. Ni nani aliyemwongezea siku hata zikawa mia nne? Ni sisi, kwa elfu mbili mbili zetu. Tukiziondoa, chombo chake kitakwama hapo hapo kilipo.

Basi, msomaji kijana, nakutaka mambo machache, wala hayahitaji fedha. Leo, kabla hujalala, andika namba ya simu yako, au ya mzazi wako, katika daftari lisilokaa pamoja na simu. Ikiibwa, fungisha laini upesi ili akiba isifuate chombo, kisha ipeleke namba hiyo polisi, wala usiende peke yako kwenye mlango wa mtu. Ukitaka kununua simu iliyotumika, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, linganisha na namba iliyo katika sanduku, dai stakabadhi, na mwandikiane jina na kitambulisho mbele ya shahidi. Muuzaji mwema hatachukia. Atakayechukia amekwisha kukujibu.

Na siku moja mtu atakujia kichochoroni, atatoa chombo kizuri chini ya shuka, na kukutajia bei itakayoufurahisha moyo. Wakati huo hapatakuwa na polisi, wala mwalimu, wala mzazi. Mtakuwa wawili tu, naye mwizi wa kwanza amekwisha fanya kazi yake. Mwizi wa pili bado hajapatikana. Anangojwa jibu lako.