Rubani na mchapishaji: Nani kati yao alikuwa shujaa?

MPENZI msomaji, ukisimama Mata, kule Taveta, ukatazama Ziwa Jipe na milima ya Pare iliyo ng'ambo ya mpaka, huwezi kudhani kwamba eneo lile liliwahi kuwa uwanja wa vita vikuu. Wakulima wako shambani, na shida yao kubwa ni ndovu wa Tsavo wanaovamia mimea usiku.

Hata hivyo, Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Mwaka 1915 ndege za Waingereza zilikuwa zikiruka kutoka Maktau, na kwa hivyo wazee wa Taita Taveta walikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kuona ndege za kivita. Wajerumani walifurushwa Machi 1916 baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata.

Siku chache tu baadaye, tarehe 18 mwezi huo huo, kijana mmoja Mjerumani mwenye umri wa miaka 19 alitungua ndege yake ya kwanza katika anga ya Ulaya. Jina lake lilikuwa Ernst Udet. Leo nataka tumtazame kijana huyo, kisha tumweke kando ya Mkenya ambaye hakuwahi kushika bunduki, marehemu Henry Chakava, mchapishaji wa vitabu. Utajionea mwenyewe kwa nini nimewaweka katika mizani moja.

Udet alizaliwa Frankfurt mwaka 1896. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1918 alikuwa ametungua ndege 62. Katika Ujerumani nzima ni Manfred von Richthofen peke yake aliyemzidi, kwa ndege 80. Hebu fikiria, mwanafunzi unayesoma makala haya: miaka 22, na nchi nzima inakujua kwa jina!

Vita vilipokwisha, Udet aliishi kwa maonyesho ya kurusha ndege na kwa kuigiza katika filamu. Mwaka 1930 alikuja huku kwetu Afrika Mashariki kupiga filamu ya wanyama akiwa angani. Alipokuwa akirejea kwao mwaka 1931 alikwama na ndege yake katika nyika za kusini mwa Sudan, na aliyemwokoa ni Tom Campbell Black, rubani Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Wale waliotungua ndege za wenzao walikuwa sasa wanaokoana.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwaka 1933 Hitler alitwaa madaraka. Hermann Göring, aliyekuwa mkuu wa Udet katika miezi ya mwisho ya vita, alimvuta kwenye chama na baadaye kwenye jeshi jipya la anga. Kuanzia 1936 Udet alipewa idara iliyohusika na utengenezaji wa ndege za kivita. Mtu wa kurusha ndege akafungiwa ofisini, katikati ya mafaili na fitina.

La kusikitisha ni kwamba alijua alichokuwa akitumikia. Rafiki yake Carl Zuckmayer, mwandishi wa tamthilia ambaye kazi zake zilikuwa zimepigwa marufuku na Wanazi, alisimulia baadaye jinsi walivyokutana Berlin mwaka 1936. Udet alimshauri akimbie nchi, asirudi tena, kwa kuwa pale utu ulikuwa umekwisha. Zuckmayer alipomuuliza, na wewe je, Udet alijibu kwamba yeye alikuwa amenaswa na mapenzi ya kuruka, na hakuona njia ya kutoka.

Zuckmayer aliondoka. Udet alibaki. Vita vya pili vilipoanza kuwaendea kombo Wajerumani angani, lawama zilimwangukia yeye, na tarehe 17 Novemba 1941 alijipiga risasi. Serikali ilitangaza kwamba amefariki akijaribu silaha mpya, ikamzika kwa heshima zote za kitaifa. Ndiyo malipo aliyopewa: uongo na gwaride. Zuckmayer aliandika tamthilia iliyotokana na maisha hayo, akaiita Jenerali wa Shetani. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Zurich, Desemba 1946.

Mwaka huo huo wa 1946, katika sehemu ya magharibi mwa Kenya inayoitwa leo Vihiga, alizaliwa Henry Chakava. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 akaajiriwa na kampuni ya vitabu ya Heinemann, ambayo makao yake makuu yalikuwa London. Baadaye aliiongoza hapa Nairobi.

Mtihani wake ulikuja kupitia kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ alitiwa kizuizini mwishoni mwa 1977 bila kufunguliwa mashtaka. Akiwa Kamiti aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za msalani. Alipoachiliwa Desemba 1978, nani angethubutu kuuchapisha mswada kama ule? Mwandishi alikuwa ameiudhi serikali, na wafanyabiashara wa vitabu waliamini kwamba riwaya ya lugha ya mama haina soko.

Chakava alikubali. Vitisho vilianza, kisha akavamiwa na watu na kujeruhiwa mkononi, jeraha lililomgharimu kidole. Hakurudi nyuma. Mwaka 1980 riwaya hiyo ilitoka, na tafsiri yake ya Kiswahili wengi wetu tunaijua kwa jina la Shetani Msalabani. Wale waliosema haina soko waliaibika. Nakala 5,000 za kwanza zilimalizika upesi ikabidi nyingine zichapishwe. Ngũgĩ ameeleza jinsi familia zilivyokaa pamoja jioni mtu mmoja akiwasomea wengine, na jinsi hata katika mabaa msomaji alivyonyamaza glasi yake ikiwa tupu, mpaka anunuliwe nyingine!

Mwaka 1987 polisi walikusanya nakala za Matigari, riwaya nyingine ya Ngũgĩ iliyochapishwa na Chakava. Bado hakuiacha kazi yake. Mwaka 1992 kampuni ilipita mikononi mwa Wakenya ikaitwa East African Educational Publishers. Chakava alifariki Machi 2024, na ukitazama jalada la kitabu chochote kati ya hivyo, hulioni jina lake kwa herufi kubwa.

Sasa turudi Mata. Vita vya Taveta vimeandikwa katika vitabu vingi, lakini jiulize viliandikwa na nani. Aghalabu ni maofisa waliotoa amri na wazungu waliowafuata. Maelfu ya Waafrika waliobeba chakula na risasi za majeshi hayo hawakuacha vitabu. Habari zao zilibaki vinywani mwa wajukuu, kwa Kitaveta na Kitaita, na kila mzee anapozikwa, ukurasa mmoja unazikwa naye. Ndiyo maana mtu anayekubali kuchapisha maneno ya wasio na nguvu si mfanyabiashara tu.

Mzazi, huenda mwanao anampenda rubani. Si kosa, maana Udet alikuwa na kipaji na ujasiri wa kupambana na adui angani. Lakini mwambie pia kwamba ujasiri huo haukumsaidia siku alipotakiwa kumwambia mkubwa wake "hapana". Chakava, aliyekaa mezani na kalamu nyekundu, aliwanyima waliomtisha jambo walilolitaka, nao wakamtoza kidole.

Na wewe mwanafunzi unayejiandaa kwa kazi, iwe ya urubani, uhasibu au ualimu, jua kwamba siku moja mtu atakutaka ukitumie kipaji chako kwa jambo ambalo moyo wako unalikataa. Siku hiyo haitangazwi mapema. Amua leo utakalojibu.

Jumapili njema. Na kama nyanya au babu yako angali hai huko mashambani, chukua daftari uende ukamsikilize.