Taa ya sambaza: tusinunue tena kwa macho

Wandugu wachimbaji, mama na papa wa Ndosho, leo hatutaongea bei ya koltani. Tutaongea taa. Wenye kusema kwamba taa si kazi ya sendika, tunawaomba wasome kwanza mpaka mwisho.

Mwaka jana AVEC moja ya hapa kwetu ilifungua kisanduku chake cha kufuli tatu kabla ya wakati. Wanamemba wengi ni mama ambao bwana zao wanachimba kule Masisi, na wengine ni wajane wa mashimo. Pesa ile ilikuwa ya minervali ya watoto. Kulikuwa mwenye ekipe moja ya sambaza, ana pirogi tatu, ana miti, ana wavu, lakini hana taa. Wakapatana hivi: mama walete mwangaza, na kila asubuhi wapate sehemu yao ya samaki pale Kituku, waje kuuza Ndosho. Mpango mzuri. Wakatuita sisi wa sendika tuwachagulie taa, juu mchimbaji ni mtu wa tochi, anajua giza.

Tulienda sokoni tukanunua taa nne na batri moja. Bei ilikuwa chini kabisa. Muuzaji aliziwasha mbele yetu, mwangaza ukatuchoma macho, akasema: "Hii iko nguvu, haina shida." Tukalipa. Tukarudi nyumbani tukipongezwa.

Usiku wa tatu, karibu saa nne, taa mbili zilizima. Nusu saa baadaye zile zingine zikawa nyekundu kama mshumaa, halafu giza. Upepo ulikuwa umeanza. Wavuvi walivuta wavu mtupu na kupiga kasia kurudi kwa mwangaza wa simu mbili. Walifika wote, tunamshukuru Mungu. Lakini mwenye ekipe alivunja mapatano, na mwezi wa tisa watoto kadhaa walikaa nyumbani wiki tatu wakingoja minervali. Kosa lile ni letu. Tulinunua kwa macho.

Maoni yetu leo ni haya: taa ya kazi isinunuliwe kwa kuangalia inavyowaka dakika moja dukani. Inunuliwe kwa saa ngapi itawaka, na kwa nani ataitengeneza ikiharibika. Ukiuliza maswali hayo mawili, karibu kila mara utatoka na kitu cha bei ya katikati. Kile cha chini kabisa kitaanguka kwa swali la kwanza, na kile cha juu kabisa mara nyingi kitaanguka kwa swali la pili.

Tuanze na samaki mwenyewe. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo njo anayejaza masahani ya mama zetu. Usiku anapanda karibu na uso wa maji. Taa inavuta vidudu vidogo vya majini, sambaza anafuata chakula, wavu unamngoja chini. Njo maana mwezi mkubwa ukiwaka kazi inakuwa mbaya: mwangaza uko kila mahali, samaki hana sababu ya kukusanyika. Tena katika Kivu samaki hawezi kuishi chini sana, juu kule chini hakuna hewa ya kupumua, kuna gesi. Kwa hiyo hauhitaji taa ya kutoboa mpaka chini ya ziwa. Unahitaji taa ya kadiri inayokaa pale pale bila kupungua tangu jioni mpaka alfajiri. Taa kali ya saa mbili inakusanya samaki, halafu inawaachilia waende.

Sasa hesabu, na tunaomba kila mtu aishike kichwani kama anavyoshika bei ya kilo. Juu ya batri kumeandikwa volti na ampere-saa (Ah). Zidisha moja kwa nyingine. Batri ya volti 12 na Ah 7, ile ndogo nyeusi ambayo sisi tulinunua, inatoa 84, yaani wati-saa 84. Lakini ile ni batri ya risasi, na risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka iishi, tumia nusu tu: 42. Taa yenye kula wati 10 itakaa saa nne. Weka taa nne za namna ile, ni saa moja. Ukiimaliza yote kama wavuvi wetu walivyofanya, utafika saa mbili tu, na batri itaanza kufa tangu wiki ya kwanza. Ekipe inaondoka saa kumi na mbili jioni na kurudi saa kumi na moja asubuhi. Ni saa 11. Hesabu ya darasa la sita ingetuokoa, lakini hatukuifanya.

Angalia upande mwingine. Batri ya lithiamu yenye kuandikwa LiFePO4, volti 12 na Ah 12, inatoa wati-saa 144. Hii unaweza kutumia sehemu nane kwa kumi bila kuiumiza, ni 115. Taa moja ya wati 10 itawaka saa 11 na nusu. Usiku wote. Ukitaka taa mbili, ongeza batri, usipunguze saa. Bei yake inapita ile ya risasi mara kadhaa, hatuwadanganye. Lakini risasi ikimalizwa kila usiku inachoka baada ya mara 200 au 300 hivi, na ile ya lithiamu nzuri inapita 2000. Kwa ekipe inayofanya kazi usiku 20 kwa mwezi, moja itakufa mwaka wa kwanza au karibu na hapo. Ingine inaweza kufika mwaka wa nane.

Na mtu asikuuzie mwangaza unaoenda mbinguni. Taa ndogo yenye kofia ya bati juu yake, inayotupa mwangaza wote majini, inashinda taa kubwa inayoangazia nyota. Kofia ile fundi wa bati wa Ndosho anaikata kwa franka kidogo.

Kuna uongo mmoja ambao wachimbaji wanaujua kwa tochi ya kichwa. Ni ile batri ndogo ya mviringo, 18650. Utaona imeandikwa mAh 9900. Hiyo haipo. Batri nzuri kabisa za kipimo kile zinafika karibu 3500. Anayeandika 9900 amekwisha kukuambia yeye ni mtu wa namna gani. Na sisi tuna dawa ambayo wavuvi hawana: mizani. Batri ya kweli ya 18650 ina uzito wa gramu 45 na zaidi kidogo. Ile ya uongo mara nyingi ni nyepesi, wamejaza unga ao nafasi tupu. Chukua yako, mwombe ndugu mwenye mizani ya dhahabu akupimie. Sisi ambao kila siku tunalia kwamba mizani ya wanunuzi inatuibia, kwa nini tusitumie mizani kujilinda?

Kuhusu maji, angalia maandishi ya IP. IPX4 ni kusema inavumilia matone, sawa mvua. IPX7 ni kusema inaweza kuanguka majini, metre moja, nusu saa, na ikatoka nzima. Kwa pirogi tunataka IPX7 ao karibu nayo. Kwa kuwa wengi wanaandika wanachotaka, taa yenyewe itoe ushuhuda: ndoo ya maji, nusu saa, halafu uifungue uangalie ndani kama kuna unyevu. Muuzaji anayekataa ndoo, muache na taa yake.

Tukija kwa zile za bei ya juu: baada ya aibu yetu, wengine katika sendika walisema tununue seti kubwa, kila kitu kimefungwa pamoja, sharja yake ya pekee, na imeandikwa ni ya baharini. Tulikataa, na tunadhani tulifanya vizuri. Maji ya Kivu yana madini ndani yake, lakini si chumvi ya bahari inayokula chuma kwa wiki moja. Kulipa bei ya bahari kwa kazi ya ziwa ni kutupa pesa. Tena ile seti ilikuwa imegundishwa kwa gundi, haina vis hata moja. Tulizunguka kwa mafundi wa redio na simu, tukawaonyesha picha. Wote walijibu: "Ile hatuifungue." Taa isiyofunguliwa Goma, siku inapoharibika imekuwa jiwe. Na hapa mawe ya volkano yanatosha.

Taa ya katikati ni ile yenye vis, yenye swichi ambayo fundi anaweza kubadilisha, yenye waya na kichwa cha sharja ambavyo viko kila mahali sokoni, na batri inayotoka bila nyundo. Si nzuri kwa macho. Wakati mwingine mwangaza wake unaonekana mdogo pembeni ya ile ya dola tatu. Ndani ya duka itashindwa. Saa tisa ya usiku itakuwa peke yake inayowaka.

Tunajua jibu la wengi: "Maskini hana nafasi ya kungoja. Ana dola tatu, ananunua ya dola tatu." Ni kweli, na hatucheke mtu. Lakini tupige hesabu. Tochi ya dola 3 ikifa kila miezi miwili, kwa mwaka umelipa dola 18. Ya dola 12 ikikaa miaka miwili, kwa mwaka umelipa dola 6. Maskini njo anayelipa zaidi, juu analipa kidogo kidogo bila kuona. Mtu peke yake hawezi kutoka katika mtego ule. Watu ishirini wenye kisanduku kimoja wanaweza. Njo maana tunasema ni kazi ya sendika.

Neno moja la hatari, juu tochi zetu zinapanda shimoni na kushuka ziwani. Wazee wetu walijua hewa imekwisha pale mwali wa mshumaa ulipolegea. Taa ya umeme haikuambie kitu: inawaka vizuri hata mahali ambapo mtu anakufa. Iwe shimoni, iwe ndani ya mashimo ya mazuku pembeni ya ziwa ambako wavuvi wanafunga pirogi alfajiri, usidhani kwamba kuona ni kupumua. Na taa haiondoe lazima ya jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 Goma nzima iliona chombo kikizama mbele ya Kituku, mchana, karibu na kufika. Ukiweka bajeti ya taa, weka na ya jile mbele yake.

Sasa tunaomba nini? Kwa AVEC na vikundi: msitume mtu mmoja kununua, hata kama ni mtu wa sendika. Mtume watatu, mmoja wao mama anayeuza samaki, na mmoja fundi. Chukueni taa moja kwanza, muiwashe jioni nyumbani, mwandike saa inapozima, ndipo mlipe zingine.

Kwa wauzaji, wengi ni wandugu na majirani: andikeni kwa karatasi kwamba taa ikifa ndani ya mwezi mtairudisha. Hatuombe bei ishuke. Tunaomba neno lenu liwe na sahihi. Duka la kwanza litakalokubali, tutalipelekea vikundi vyetu vyote.

Kwa wenye ekipe: yule mama aliyeleta taa mbaya hakuwaibia, aliibiwa pamoja nanyi. Mpeni nafasi ya pili.

Na kwa sisi wenyewe: kamati yetu imekubali kurudisha katika kisanduku cha wale mama nusu ya pesa iliyopotea, kutoka michango yetu, kidogo kila mwezi. Tumekwisha kulipa miezi miwili. Jumamosi jioni tutawasha taa sita za bei mbalimbali katika kiwanja chetu, kila moja na batri yake, na daftari pembeni. Mwenye taa aliyo na mashaka nayo ailete kabla ya saa kumi na mbili. Alfajiri tutasoma saa za kila moja mbele ya watu wote.