Hiyo Si Biashara

Siku hizi hapa Mpanda neno "biashara" limepewa maana inayoniudhi. Vijana huniamkia vizuri, "Shikamoo Mwalimu", kisha hunieleza kwamba wao hawachezi kamari, ati wanafanya biashara: wana programu inayoweka dau na kulifunga yenyewe, hata wao wakiwa wamelala. Mimi nilifundisha hesabu kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na maelezo hayo siwezi kuyapitisha bila kalamu nyekundu.

Soko lenyewe liko hivi. Lililo maarufu, Betfair, lilifunguliwa Uingereza mwaka 2000. Humo watu hubeti wenyewe kwa wenyewe, mmoja akisema timu itashinda na mwingine akikataa, na mwenye soko hukata kamisheni kwa aliyepata. Tuhesabu kwa shilingi. Umeweka 10,000 kwamba timu itashinda, odi 3.00. Odi ikishuka hadi 2.50, programu inapokea dau la mtu mwingine la 12,000 juu ya timu hiyo hiyo. Timu ikishinda, unapata 20,000 na kumlipa yule 18,000. Isiposhinda, unapoteza 10,000 na kubaki na 12,000 zake. Kwa vyovyote umepata 2,000. Hapo kijana hushangilia. Lakini odi ikipanda hadi 3.75, programu inafunga kwa kupokea dau la 8,000, na kwa vyovyote umepoteza 2,000.

Sasa weka kamisheni, tuseme asilimia 5. Faida inakuwa 1,900. Hasara ni 2,000 kamili. Ukipata mara moja na kukosa mara moja, 100 imekwenda. Binadamu angechoka. Programu haichoki: ikirudia hivyo mara mia moja, 10,000 nzima imekwisha, wala hakuna aliyebahatika vibaya.

Watasema programu ina akili ya kuchagua. Inashindana na akili za nani? Picha ya televisheni huchelewa, na aliyeko uwanjani huona kwanza. Januari 2014, kwenye mashindano ya tenisi ya Australian Open mjini Melbourne, Mwingereza mmoja alikamatwa akituma pointi kwa kifaa alichoficha ndani ya nguo. Mashtaka yakafutwa baadaye. Watu wa namna hiyo ndio walioko upande wa pili wa dau la kijana wetu mwenye bando la siku. Umeme ukikatika kati ya kufungua na kufunga, 10,000 yake yote inabaki mikononi mwa timu. Hata wale wachache wanaoshinda mfululizo hawaachwi: mwaka 2008 Betfair ilianza kuwatoza ada ya ziada.

Anayenunua mpunga hapa Katavi na kuupeleka Tabora kwa treni kupitia Kaliua anapata faida, na mtu wa Tabora anakula. Huyo ni mfanyabiashara. Kwenye soko la madau halisafiri hata gunia moja. Kila shilingi unayopata imetoka mfukoni mwa mwenzako, na nyingine imebaki njiani. Nako zinakokwenda ni fedha za mpunga, za machimbo ya dhahabu na za bodaboda.

Anayebisha aniletee daftari la mwaka mzima: tarehe, dau, odi ya kufungua, odi ya kufunga, kamisheni, na bei aliyonunulia programu. Mpaka sasa wananionyesha picha za simu tu, za siku walizopata.