Turbo kwa gari la zamani: Nguba tuanze na freni

Jioni, wakati wafanyabiashara wadogo wanarudi kutoka mpaka wa Ruzizi ya Kwanza na wanafunzi wa masomo ya mchana wangali njiani na sare zao za buluu na nyeupe, barabara ya Nguba haina nafasi ya mchezo. Watembea kwa miguu, wamotari, wachuuzi na magari ya mizigo wanagawana lami ileile. Ni kwenye barabara hiyo kijana mmoja wa mtaa anataka kutembeza gari lake la zamani la michezo, lenye injini ya rota, baada ya kulifungia turbo. Pesa amekwisha kuweka. Vifaa vyote vinauzwa kwenye intaneti, vinafika ndani ya sanduku moja, na video zinaonyesha fundi akivifunga kwa siku mbili tu.

Hatuandiki ili kumcheka. Kijana anayependa injini kiasi cha kulala garajini ni mali kwa mji huu. Tunaandika kwa sababu wengine wanamfuata, baadhi yao wakiwa na Toyota za kawaida, na kwa sababu gari likikosa kusimama, anayeumia mara nyingi si mwenye gari.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Bukavu iko kwenye kimo cha mita karibu 1,500, na maji ya ziwa Kivu yenyewe yako kwenye mita 1,460 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi. Kando ya bahari hewa inakandamiza kwa kipimo cha bar 1 hivi. Hapa kwetu ni kama 0.85. Injini inayovuta hewa bila msaada inapata hewa pungufu, na kwa hiyo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Kila shofere anayepanda mlima kutoka ziwani na gari lililojaa watu anajua jambo hilo hata kama hajalisoma popote.

Turbo ni jibu la kweli kwa shida hiyo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, feni hiyo inazungusha nyingine, na hiyo ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak, mita zaidi ya 4,300, kuonyesha kwamba turbo inarudisha nguvu ambazo mlima umechukua. Basi mtu wa Bukavu anayetamani turbo hatamani ujinga.

Lakini injini yenyewe ni ya namna gani? Injini ya rota, ambayo mfano wake wa kwanza uliozunguka ulitengenezwa na Mjerumani Felix Wankel mwaka 1957, haina pistoni wala vali. Ndani yake kuna rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa katikati. Mazda ndiyo kampuni iliyoishikilia kuliko zote: gari la Cosmo mwaka 1967, RX-7 mwaka 1978, na ushindi wa mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991. Ni injini ndogo, nyepesi, inayopenda kuzunguka kwa kasi.

Ina udhaifu wake pia. Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kinachoziba hewa isipite. Kikivunjika, nguvu zinakwisha, na injini inafunguliwa yote. Kinachokivunja upesi ni esansi kuwaka kabla ya wakati wake, ule mgongo ambao mafundi wanausikia kama mawe ndani ya debe. Injini ya pistoni inaweza kuvumilia migongo kadhaa. Ya rota mara nyingine haivumilii hata mmoja mkubwa.

Ndiyo maana watengenezaji wenyewe hawakufunga turbo juu ya injini ileile na kwenda nyumbani. Kwenye RX-7 ya mwaka 1986, injini isiyo na turbo inabana hewa mara 9.4, ile ya turbo iliteremshwa hadi 8.5, ili hewa inayosukumwa isiwashe esansi mapema. Anayechukua injini ya kwanza na kuifungia turbo ya sanduku anaanza akiwa tayari kwenye hatari.

Sasa weka hesabu ya Bukavu juu yake. Turbo iliyopangwa kusukuma bar 0.5 kando ya bahari inaipa injini hewa ya bar 1.5. Hapa kwetu, saa ileile ya kipimo ikionyesha 0.5, injini inapata 1.35 tu. Kijana ataona gari halina nguvu za ile video, naye atafunga skrubu ili turbo isukume zaidi. Turbo itazunguka kwa kasi kubwa zaidi, hewa itapata joto zaidi, na hewa ya moto ndiyo inayoleta ule mgongo. Halafu siku moja anashuka Ngomo kwenda Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi. Hajagusa kitu, lakini injini sasa inapewa hewa nyingi kuliko ile fundi aliyoipima Bukavu.

Tuongeze esansi. Kwenye kituo cha mafuta unaweza angalau kuuliza swali. Kwa Kadhafi wa kando ya barabara, anayeuza kwa chupa na bidoni, hakuna anayejua esansi hiyo imekaa wapi wala imechanganywa na nini. Gari la kawaida litakohoa na kuendelea. Injini ya rota yenye turbo inaweza kufa siku hiyohiyo.

Yote hayo ni hasara ya mwenye gari, na mtu ana ruhusa ya kupoteza dola zake. Sisi wakaaji wengine tunahusika pale gari linapotakiwa kusimama.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara nne. Gari linalohitaji mita 10 kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa litahitaji karibu mita 40 kutoka kilomita 80. Hayo ni kwa freni nzima, matairi mazuri na lami kavu. Mvua ya Bukavu ikinyesha, na udongo ukishuka kutoka mlimani hadi barabarani, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Jambo lingine linasemwa mara chache: katika magari mengi ya esansi, msaada unaolainisha freni unatokana na mvuto wa hewa wa injini. Turbo inapoanza kusukuma mahali palipokuwa panavutwa, kile kifaa kidogo kinachozuia hewa kurudi lazima kiwe kizima. Kikiwa kimechakaa, shofere atakanyaga na kukuta kanyagio ni ngumu kama jiwe, wakati uleule gari lina nguvu mpya.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: turbo iwe kazi ya mwisho, na freni ziwe za kwanza. Fundi mwaminifu aanze kwa kupima kama injini bado inabana vizuri, kwa maana turbo haiponyeshi injini iliyochoka. Afuate freni, matairi na usukani. Kisha radiata na njia za oili, kwani mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo lazima irudi chini bila kuzuiwa. Kisha esansi: pampu, vinyunyizio, buji na mpangilio wa kompyuta, vyote vipimwe hapahapa Bukavu. Baada ya hayo ndipo sanduku lifunguliwe. Kama pesa haitoshi kwa hatua zote, haitoshi kwa turbo.

Wengine watajibu kwamba turbo zimeshinda kwenye barabara za Afrika mbaya kuliko zetu. Ni kweli. Toyota Celica ya turbo ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Lakini nyuma ya kila gari kulikuwa na kundi la mafundi, piesi mpya, na shofere aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nguba ina mafundi hodari; haina njia ya mashindano. Ina njia ya watoto kwenda shule.

Serkali nayo ina sehemu yake. Nguvu za gari zimeandikwa kwenye hati zake, na bima ilikubali gari lile lililoandikwa. Gari likibadilishwa, hati zibadilike pia, ili siku ya ajali familia ya aliyegongwa isiambiwe kwamba karatasi hazilingani na gari. Polisi wa rulaji wanajua kuuliza karatasi. Tunawaomba waulize pia freni, na waulize kwa ajili ya usalama, si kwa ajili ya kitu cha mkononi. Mafundi, kwa upande wao, wakubali kumwambia mteja hapana. Fundi anayekataa kazi mbaya anapoteza siku moja ya mapato. Anayeikubali anaweza kupoteza jina lake, na jirani yake akapoteza mtoto.

Kijana wetu bado hajaagiza sanduku. Tulimwuliza swali moja: mara ya mwisho alibadilisha freni lini? Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema gari alilinunua hivyohivyo. Basi, ndugu yetu, pesa ya kwanza ipeleke hapo. Mlima wa Bukavu utakungoja. Mtoto anayevuka barabara hawezi kukungoja.